Walipomwita Kathure

Hebu jenga picha hii akilini mwako. Jioni inaingia Kibirichia, ukungu umefunika mashamba, na ndani ya ghala la mbao mwanamke anachagua mbegu za viazi, zile zilizoanza kuchipua.

Huyo ndiye Kathure. Alipewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi ya Wameru. Nyanya huyo alisingiziwa uchawi mpaka akafa peke yake humo ghalani. Kathure hakuogopa mizimu. Aliogopa majirani, maana walikuwa wameapa kwamba siku watakayopata ushahidi kwamba uchawi ungali humo watateketeza boma lote.

Nje, watu walinong'onezana.

"Washa simu, Karwirwa. Ni hapa alikufia."

"Kirimi, na wenyewe wakitupata?"

"Tulia. Hii video itatrendi, manze!"

Vijana wa mjini, kutoka Kinoru, wawinda mizimu! Kathure alikasirika. Kisha akatabasamu. Angewatisha, atoke akicheka, na kijiji kizima kione video ya waoga wawili wakitimua mbio. Uvumi ungeishia hapo.

Akachuchumaa nyuma ya magunia.

Mlango ukalia... kriii.

"Kathure," Kirimi aliita. "Kama uko humu, itika."

"Niko," akaitika.

Simu ikaanguka. Kathure akajitokeza, mikono kiunoni.

"Kathure ni mimi! Hamna haya, kumchezea marehemu wa watu?"

Hawakukimbia. Karwirwa alikuwa akilia.

"Mathe," Kirimi alinong'ona, "na huyo mwingine aliyeongea ni nani?"

"Mwingine gani?"

Kijana akaokota simu, akairudisha video nyuma. *Niko*, Kathure alijisikia akisema. Halafu pumzi nzito... na sauti ya kikongwe, imejaa ghadhabu:

"Nyamaza, mtoto. Wameniita mimi."

Akilini, Kathure aliiona nyumba yake ikiwaka moto.

"Futa," akasema. "Futa sasa hivi!"

Kirimi akafuta. Wakatokomea ukunguni bila kuaga.

Kathure alitoka, akaufunga mlango kwa kufuli. Ndipo akaisikia sauti ile, kwa masikio yake mwenyewe, upande wa pili wa mbao.

"Nimeitika. Mbona wanaondoka?"

Boma lile lipo hadi leo, halikuguswa. Ila nakuomba, mpenzi, ukumbuke jambo moja tu. Ukipita pale jioni ukiwa na haja na yule mjukuu, usimwite Kathure. Mwite Mama Kinoti, kwa jina la mwanawe. Tena kwa sauti ya chini.