Shimo la Kisaju Linalopiga Mluzi

Ushawahi kuona ng'ombe wakiacha majani mabichi na kukimbilia shimo, eti limewaita? Basi nyamaza nikuambie.

Siku ilianza tu kawaida. Kisaju hapa, ukitoka Kitengela ukielekea Kajiado. Jua kali. Mama jikoni, mimi kivulini na simu, naomba kazi ambazo hakuna mtu hunijibu. Degree ya geology, imagine. Project yangu ilikuwa gesi ya methane: vile inavuja kutoka sakafu ya bahari, ikifuata nyufa pale miamba imepasuka, ikipanda mapovu kwa mapovu. Kaka yangu Lemein alinicheka sana.

"Soipan, umesomea ushuzi wa bahari, na hapa hata maji ya kunywa hatuna!"

Yeye ndiye alikuwa anachunga ng'ombe. Akinywesha ng'ombe alikuwa anapiga mluzi: mmoja mrefu, miwili mifupi, halafu anameza mate. Kila boma iko na mluzi wake. Bila mluzi wa Lemein, ng'ombe zetu hazingeinamisha kichwa kunywa.

Sasa, watu wa kampuni ya kuchimba visima walikuwa wamechimba karibu na boma, wakakosa maji ya maana, wakaenda na mashine zao. Shimo pana hivyo wakaacha wazi. Hata miiba hawakuweka. Chini kulikuwa na maji machafu yanayotoa mapovu. Niliwaandikia: hapo kuna ufa, gesi inatoka, mtaua mtu. Wakajibu neno moja: "Noted." Yaani wameona, basi.

Basi mchana wa siku hiyo mbuzi mdogo akatumbukia. Lemein akashuka kumtoa.

Methane haina harufu. Inachukua tu nafasi ya hewa. Lemein tulimkuta amepiga magoti, uso safi, kama mtu ameshikwa na usingizi kanisani.

Tukamtoa, tukamzika. Halafu mchana mmoja, saa ya kunywesha, ng'ombe zote zikainua vichwa.

Mluzi. Mrefu. Miwili mifupi.

Kutoka shimoni. Ng'ombe zikaacha majani, zikakimbilia huko.

Jirani yetu Wanyoike alininong'onezea, "Hii ni uchawi. Hao watu walitoa kafara kichwa ya mtu ndio kisima ishike maji."

Nikamwambia aache ujinga, gesi ikipita kwa ufa hulia. Msomi mimi. Lakini gesi haimezi mate. Na nilisikia ikimeza.

Mama hakubishana na mtu. Alibeba chai akaiweka ukingoni mwa shimo.

"Ako na kiu," akasema.

"Yeyo," nikamwita mama yangu, "hiyo ni hewa tu."

"Na hewa inajuaje ng'ombe zangu?"

Kesho yake nikakuta jikoni hakuna mtu. Sufuria inamwagika. Nikakimbia.

Mama alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo. Kichwa ndani. Mkono ndani. Anacheka polepole, vile alikuwa akicheka na Lemein. Nikamshika miguu. Nikavuta. Hakuja. Nikavuta tena. Kitu kikamvuta kule.

"Lemein," nikanong'ona. "Tafadhali. Huyu niachie."

Kikaachilia.

Mama ako hai. Lakini kwa kifundo cha mkono wake kuna alama nyeupe: vidole vinne na gumba. Chumvi. Naosha na maji moto, asubuhi imerudi. Nimeionja. Si magadi, magadi naijua tangu utotoni. Ni ya bahari. Na mama hajawahi kufika Mombasa.

Sasa nyinyi mlioandika "Noted", nisikieni. Kujeni mfunge hiyo shimo. Mimi nimejaribu na bati, mama ameitoa na kucha. Kila mchana anakaa pale, nami nimemfunga shuka kiunoni, ncha nimeishika kwa mkono. Anauliza, ikifungwa, mtoto wake atamwitia wapi?

Msitume vibarua. Kujeni nyinyi wenyewe, msimame mbele yake, mumjibu.