Kamera Iliyozimika Njiani

Wakati wa likizo, Chepchumba aliamka mapema kuliko siku za shule. Aliwasha moto, akapasha chai, kisha akavaa gambuti na kupanda pikapu pamoja na mamake, Rodah. Rodah alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha wafugaji. Kila asubuhi alipita kati ya mashamba ya majani chai, kutoka Kiptere hadi Kapsoit, akichukua maziwa kwa wakulima. Kazi ya Chepchumba ilikuwa kuhakikisha vifuniko vya mitungi vimekazwa sawasawa.

Kwenye kioo cha mbele cha pikapu palikuwa na kamera ndogo. Meneja wa ushirika, Bwana Kipkosgei, aliifunga yeye mwenyewe ili ionyeshe gari lilikopita na lilikosimama. Ilipofanya kazi, taa yake nyekundu iliwaka.

Asubuhi moja walipofika kwenye kituo cha ushirika cha kupokea maziwa, meneja alikuwa akiwasubiri amekunja uso. Ua ulikuwa umejaa wakulima.

"Rodah," alisema kwa sauti iliyofika hadi langoni, "kamera inazimika kila unaposimama kuchukua maziwa. Ukiondoka, mbele kidogo inawaka tena. Nani anachomoa waya?"

"Sijauchomoa, Bwana Meneja."

"Basi maziwa yetu yanafanywa nini wakati kamera haioni?"

Wakulima walinong'onezana. Mama Bonareri, aliyemjua Rodah kwa miaka mingi, alitazama pembeni. Meneja alisema Rodah akikiri na kuomba radhi, mambo yataisha. Asipokiri, arudishe ufunguo wa gari mwisho wa wiki.

Njiani kurudi nyumbani, Rodah aliendesha polepole. Mwishowe akasema, "Nitamwambia nilichomoa bila kufikiri. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Lakini hukuchomoa."

"Wewe ni mtoto, Chepchumba. Hujui kazi ilivyo ngumu kupata."

"Najua, mama. Lakini ukikiri, utakuwa umedanganya, na kamera itaendelea kuzimika. Mara ya pili utasema nini?"

Chepchumba aliazimia kwamba mamake hataomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Jioni hiyo alianza kutafuta. Alikumbuka somo la sayansi: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Kwanza alishuku chaja ya kamera, akaazima nyingine kwa jirani. Kesho yake kamera ikazimika kama kawaida. Kisha akashuku ncha za waya. Alizisukuma, akazitikisa, lakini taa nyekundu iliendelea kuwaka kana kwamba inamcheka.

Siku iliyofuata hakugusa chochote. Alikaa akiitazama ile taa tu. Walipofika kwa Mama Bonareri, Rodah aliacha injini ikinguruma, akashuka na kuubamiza mlango wa dereva. Taa ikazimika.

Chepchumba aliufuata waya kwa vidole. Ulipita ukingoni mwa kioo, ukateremka upande wa dereva na kupenya karibu na bawaba za mlango. Hapo ulikuwa umebanwa hadi ukawa bapa. Rodah aliporudi na kuondoa gari, magurudumu yalirukia shimo na taa ikawaka tena.

"Mama, ni mlango," alisema. "Unashuka kila mahali unapochukua maziwa. Ukiufunga, unabana waya. Gari likirukaruka, waya unagusana tena."

Kituoni, Chepchumba alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akamwomba aje aone kwenye gari. Bwana Kipkosgei akaja, na wakulima wakamfuata. Injini ilikuwa ikinguruma, mlango wa dereva ukiwa wazi na taa ya kamera ikiwaka vizuri.

"Mbona haina shida?" meneja aliuliza.

"Haizimiki mpaka mlango ubamizwe, mzee. Tafadhali funga mlango wa dereva."

"Mtoto hanitumi."

"Basi nitaufunga mwenyewe."

Aliubamiza. Taa haikuzimika. Mtu mmoja akacheka. Akaufungua na kuubamiza tena, na taa ikabaki vilevile. Masikio yake yalipata moto.

"Inatosha, mwanangu," Rodah alisema.

"Bado, mama."

Akaubamiza tena kwa nguvu zake zote. Taa ikazimika. Kicheko nacho kikakatika.

Meneja aliinama, akapitisha kidole kwenye waya. Ganda lake lilikuwa limepasuka na shaba ikaonekana.

"Ni mimi niliyeupitisha hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaleta mwingine. Haya, Rodah, endelea na kazi."

Lakini Chepchumba hakusogea. "Mzee, ulimsema mama mbele ya hawa watu wote. Tafadhali mrudishie jina lake mbele yao pia."

Rodah alimshika bega, lakini hakumwambia anyamaze. Bwana Kipkosgei alivua kofia, akawageukia wakulima.

"Rodah hakuchomoa chochote," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilimshtaki kabla sijachunguza. Naomba radhi kwake na kwenu."

Mama Bonareri alikuja akamshika Rodah mkono kwa mikono yake miwili. Siku hiyohiyo waya mpya ulipitishwa chini ya dashibodi, mbali na milango. Mlango ukabamizwa mara nyingi, na taa haikuzimika tena.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Rodah alisimamisha gari kando ya barabara.

"Nilitaka kununua amani kwa uongo," alimwambia bintiye. "Ningeipata kwa siku chache tu, halafu jina letu lingepotea kabisa. Usikubali kamwe kosa ambalo si lako, Chepchumba. Lakini kukataa peke yake hakutoshi. Ukishasema si wewe, fanya kama ulivyofanya: tafuta kwa subira mpaka uone kosa liko wapi."