Mkwe wa Kwenye Kioo

Walikutana soko la Mutindwa, Jumamosi imefurika watu, kila mmoja akivuta upande wake wa stendi moja ya kusimamishia simu.

"Kaka, hii nimeishika mimi kwanza," alisema Nangila. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa hadi muuza nyanya akasahau bei ya nyanya zake.

"Basi tuishike pamoja, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Unanikaripia kama mwalimu."

Aliitwa Javan, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, viganja vipana vya mtu wa kubeba mizigo. Mvua za Aprili ziliwakuta wachumba. Krismasi ilimkuta Javan Dubai, kwenye ghala, na mapenzi yakahamia simuni.

Nangila alizijua app za simu za video kama mpishi anavyozijua sufuria zake, maana akiwa sebuleni kwao, mtaa wa Umoja, Nairobi, alifundisha Kiswahili watoto wa Wakenya walio ng'ambo.

"Zoom ya bure inanikatia darasa kabla sijamaliza ngeli," alimwambia Javan. "Meet inanivumilia kidogo. WhatsApp haina ubao, lakini ya wapenzi ni hiyo."

"Huku simu za WhatsApp hazipiti, mpenzi. Tubaki Zoom."

"Na hayo maghorofa nyuma yako?"

"Picha tu. Chumbani tunalala wanaume wengi, usije ukapenda soksi za mwingine."

Muhonja, mamake Nangila, aliipenda sana Zoom. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, wala hawakaribiani.

"Hii ndiyo heshima," alicheka. "Mkwe ndani ya kioo, mimi kwenye kochi. Hata akipiga chafya hanifikii."

Kisha figo zikamlaza. Siku moja, Javan akiwa bado kwenye simu, mama alimshika bintiye mkono.

"Mwambie aje. Mwiko nauvunja mimi mwenyewe, na wa kunicheka watacheka nimeshaenda. Nataka nimshike mkono, nijue nakuacha na nani."

"Mama, mwajiri haniruhusu," Javan alijibu, macho yakikimbilia pembeni.

Kwenye mazishi ya mama, kijijini kwao Webuye, Javan alihudhuria vivyo hivyo: uso na mabega, simu imeegemezwa kwenye shada la maua, maghorofa yakimeta nyuma yake.

Jioni moja baada ya matanga, Nangila, amesharudi Umoja, macho yamevimba, alibonyeza WhatsApp bila kufikiri. Ile isiyopita. Ikapita.

"Halo, mpenzi," Javan alipokea, usingizi ungali mdomoni. Nje ya dirisha lake kipaza sauti cha mchuuzi kilikuwa kinapita: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni.

Nangila alisikiliza hadi kunguni wakaisha.

"Na hao kunguni wa Dubai, Kiswahili wamefundishwa na nani?"

Simu ikakatika.

Javan alikuwa na ndugu mmoja tu jijini, naye aliishi Huruma, si mbali na Umoja; Nangila alifika huko na ndara zake za nyumbani. Kwa Wakoli, kakake Javan, mlango ulikuwa wazi. Javan alikuwa ameketi kitandani. Mkono wa kulia wa shati ulikunjwa ukafungwa kwa pini. Kuanzia kiwikoni hakukuwa na kitu.

"Mashine ya ghalani," alisema. "Wakanirudisha na bandeji."

"Lini?"

"Kabla mama hajalazwa. Alitaka mkono, Nangila. Ningempa upi?"

"Huo mwingine."

Javan aliinamisha kichwa. "Niliogopa nitakuwa mzigo kwako."

"Mkono ningezoea. Ningekufunga kamba za viatu nikikutania kila asubuhi mpaka unichoke. Lakini mama amekufa akikungoja, na wewe uko hapa, mwendo wa miguu tu."

"Nitakupigia kesho tuongee vizuri."

"Usinipigie. Kesho asubuhi napanda basi, naenda Webuye kupalilia kaburi. Huko aliko hakuna app. Ukitaka kumwomba radhi, njoo na ulichobaki nacho."

Asubuhi basi lilikuwa limeshawashwa Javan alipoingia, begi kwenye mkono wa kushoto, jasho likimtiririka. Alisimama katikati ya viti, asijue akae wapi wala aanzie wapi.

Nangila hakumsalimu. Alitazama nje ya dirisha hadi dereva akapiga honi. Kisha akaondoa kikapu chake kwenye kiti cha pili, akakipakata.