Watoto Wawili Tu, Mama

Jua lilikuwa linazama nilipowachukua watoto twende kuitazama nyumba tuliyotaka kununua. Mume wangu, Théodore, alikuwa bado kazini Lubunga, ng'ambo ya mto, na komisionere, yule dalali wa nyumba, alikuwa amenisumbua kwa simu mchana kutwa: fanya haraka mama, kuna wengine wanaitaka. Tulikodi toleka mbili, zile baiskeli za abiria. Mimi na Amani mdogo kwenye moja, Bijou na Nyota kwenye nyingine, mpaka karibu na maporomoko ya Tshopo.

Nyota ana miaka tisa. Théodore alimpata kabla ya kunioa. Mama yake alifariki, namlea mimi.

Sisi wapangaji tuna tabia yetu. Mwenye nyumba akiuliza idadi ya watoto, tunapunguza, maana ukiwataja wote hupewi chumba. Kila tulipohama, Bijou na Amani walisimama mbele, Nyota akasimama pembeni. Bijou sijawahi kumweka pembeni hata mara moja. Naona haya kuliandika hili.

Nyumba ilinipendeza. Kisima kilikuwa na kifuniko, uwanja ulikuwa na ukuta, shule si mbali. Mlango ulikuwa wazi, na kikongwe mmoja amesimama kizingitini. Nyuma yake ilitoka harufu ya lituma, ndizi za kuponda, ya moto, lakini sikuona moshi popote.

"Uko na batoto ngapi?" alinong'ona.

"Bawili tu, mama."

Mdomo ulinitangulia. Nilikuja kununua, nani angenifukuza?

"Na ule?"

"Ule ni mutoto wa jirani."

Nyota aliinamisha kichwa. Amezoea, maskini.

"Bon," kikongwe akasema. "Ingieni."

Tulipovuka kizingiti, mngurumo wa maporomoko ulikatika. Kimya... Nilisikia pumzi za watoto tu.

"Hapa Bijou atalala. Hapa Amani."

Majina yao sikuwa nimeyataja.

Chumba cha tatu kilikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka jeupe. Chini yake, beseni la maji yanayotoa mvuke.

"Na hii, mama?"

"Hii iko na mwenyewe."

Niliwashika watoto mikono, nikatoka mbio hadi uwanjani. Mngurumo wa maji ukarudi masikioni. Nikatazama mikono yangu. Kulia, Bijou. Kushoto, Amani.

Nyota hakuwepo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kufuli lilikuwa na kutu.

Jirani mmoja, Mama Zaina, anayekaanga mikate kando ya barabara, alikuja na mwiko mkononi.

"Nani alikufungulia? Ufunguo iko na miye! Mama wa hii nyumba tulimuzika mwaka yenye ilipita."

Nilimweleza. Akashusha sauti.

"Alikuuliza batoto?"

"Ndiyo."

"Ukajibu nini?"

Bijou alikuwa ananitazama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikasema.

Mama Zaina hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Ule mama hakuzalaka hata mutoto moja," alisema. "Mutoto mwenye mama yake anamukana, yeye anamukamata. Mwite. Sema iko ya nani."

Watu walikuwa wamesimama barabarani, na kati yao niliona mama mmoja wa kwaya yetu, anayenijua kwa majivuno yangu.

"Nyota ni mutoto yangu," nilisema, kwa sauti ya chini.

Ndani, maji yalimiminwa taratibu... mtu alikuwa anaosha mtu.

"Kwa nguvu, mama!"

"Nyota! Nyota ni mutoto yangu! Nilisema uongo! Iko yangu!"

Maji yakanyamaza. Mama Zaina akafungua kufuli.

Vumbi tupu. Hakuna kitanda, hakuna beseni. Nyota alikuwa amekaa sakafuni, miguu imelowa, kichwa kimesukwa misuko midogomidogo, safi, yenye mafuta. Kazi ya nusu siku. Asubuhi nilikuwa nimemsuka Bijou, nikamwambia Nyota nimechoka.

Nyumbani nilimpa chakula. Hakula. Nikapiga magoti mbele yake.

"Alikufanya nini?"

"Aliniosha. Akanisuka."

"Alikuambia nini?"

"Aliniuliza kama niko na mama."

"Na wewe?"

"Nilisema hapana." Hakuwa na hasira. "Ulikuwa hujaita bado."

Nilimkumbatia, nikalia kwa aibu. Mwili wake ulikuwa mgumu mikononi mwangu, na nywele zake zilinuka lituma.

Théodore aliporudi, aliuliza kama nyumba inafaa kwa watoto. Nikasema hatuinunui, hata wakitupa bure. Alitaka kujua sababu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia nilipoona kitanda cha Nyota ni kitupu.

Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu.

"Papa," alisema kwa adabu, "unaweza kunifungulia? Mama ananingojea."