Bawaba ya Breki

Kila siku tukirudi kutoka shuleni, mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa na kazi zetu kabla ya mchezo. Mimi nilifagia ua na kuosha vyombo. Yeye alichota maji na kuwapa kuku pumba. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, hakuhitaji hata kutoka nje kutukagua. Akisikia kimya kirefu, alisimamisha cherehani na kupaza sauti: "Nyie! Hilo gari halina miguu ya kukimbia. Malizeni kazi!"

Gari lenyewe lilikuwa la mbao. Tulilitengeneza wakati wa likizo kwa mbao za makreti, na magurudumu yake yalikuwa beringi kuukuu ambazo Baba alizitoa kwenye mashine ya kusaga nafaka aliyokuwa akiihudumia. Usukani ulikuwa kamba. Mtaa mzima ulimwita kaka yangu Injinia, naye aliitika kwa mapozi kabisa.

Lakini breki niliitengeneza mimi. Nilichukua mti mfupi, nikaupigilia kipande cha tairi kwenye ncha ya chini, kisha nikaufunga chini ya ubao kwa bawaba ya mlango. Ukiuvuta mti kuelekea kwako, tairi linakandamiza ardhi na gari linasimama. Bawaba niliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo. Rangi ilichuruzika upande mmoja ikakauka donge, nami nikaiacha hivyohivyo.

"Breki ya nini?" Injinia alinicheka. "Breki ni za waoga."

"Siku ukiyaacha meno yako mtaroni," nilimjibu, "usinitume nikakuokotee."

Jumamosi moja alikuja Kifungo, mtoto wa jirani. Alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, na jina hilo alilipata siku alipomeza kifungo cha shati pale kwenye cherehani ya Mama. Alitaka kupanda gari. Nilimpakata mbele yangu, juu kabisa ya mteremko, nikamgeukia kaka yangu.

"Breki nzima?"

"Nzima," alisema, akitazama pembeni. "Nendeni."

Tulikwenda. Beringi zilipiga kelele kwenye changarawe, Kifungo akacheka kwa sauti ya juu. Tulipoukaribia mtaro wa chini nikavuta breki. Mti uling'oka wote, nikabaki nimeushika mkononi kama mwiko. Nilivuta kamba upande mmoja kwa nguvu zangu zote. Gari likapinduka, tukarushwa.

Mimi nilichubuka magoti. Kifungo alikuwa amekaa chini akiutazama mkono wake, hajaanza kulia bado, kwa sababu mkono ulikuwa umepinda mahali pasipopinda.

Mama Kifungo alifika mbio, mikono yake ina povu la sabuni. Alimnyanyua mwanawe, akanitazama. "Umemvunja mwanangu," alisema.

Jioni Baba alirudi, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi, Baba."

"Breki je?"

"Iling'oka."

"Nani aliitengeneza?"

"Mimi."

"Basi wewe ni fundi mbovu. Kesho gari hilo ni kuni. Na utamsaidia Mama Kifungo kazi zake mpaka mkono wa mtoto upone."

Injinia alikuwa ameketi kizingitini, anabandua soli ya kiatu chake. Mimi nililia, lakini si kwa sababu ya adhabu. Nililia kwa sababu nilijua nilivyoikaza ile bawaba. Nilikuwa nimeivuta na kuijaribu kwa uzito wangu wote. Ilikuwaje ing'oke kama jino bovu?

Jibu nililipata asubuhi. Injinia alikuwa bombani, kwa hiyo Mama akanituma mimi niwape kuku pumba. Mlango wa banda lao ulikuwa ukining'inia siku zote, na wiki ile Baba alimpa Injinia bawaba mpya aurekebishe. Niliufungua, na mkono wangu ukagusa donge la rangi. Rangi ya kijani.

Nilisimama pale na bakuli la pumba, kuku wananidonoa vidole, nami sisikii. Nilikwenda moja kwa moja bombani.

"Bawaba ya banda umeitoa wapi?"

"Alinipa Baba."

"Aliyokupa Baba haina rangi."

Alitua ndoo. "Ile niliipoteza," alisema kwa sauti ndogo. "Baba angenichapa. Nilichukua yako, nikasema nitakurudishia nikipata nyingine. Mti niliufunga kwa mpira wa tyubu kwa chini. Nilidhani utashika."

"Nilikuuliza. Ukaniambia nzima."

"Usimwambie Baba, mdogo wangu. Nitakupa gololi zangu zote."

"Gololi! Mtoto kavunjika mkono, wewe unaniletea habari za gololi? Mimi sisemi. Utasema wewe, kwa mdomo huohuo uliosema nzima. Na mpaka useme, usiniite mdogo wako."

Nilimwacha na ndoo yake.

Baada ya kifungua kinywa Baba alitoa shoka, akaliburuta gari katikati ya ua. Injinia alisimama ukutani kama aliyebandikwa. Nilimkazia macho, naye akakwepa. Baba alikuwa ameshainua shoka mara mlango wa ua ukafunguliwa. Aliingia Mama Kifungo, amemshika mwanawe. Mkono wa Kifungo ulikuwa umefungwa plasta nyeupe kubwa kuliko yeye.

"Amekataa kutulia," alisema Mama Kifungo. "Anasema ana neno na wewe, Baba Injinia."

Kifungo alilitazama shoka. "Msilikate," alisema. "Kosa ni langu. Nilikunywa uji bakuli mbili nikawa mzito, ndiyo maana breki ikashindwa."

Mama Kifungo aligeuka pembeni akajifuta machozi. Baba akashusha shoka taratibu. Mimi ndipo hasira iliponipasuka. Nilimshika kaka yangu shati nikamvuta mpaka mbele ya yule mtoto.

"Mtazame!" nilipiga kelele. "Mtazame vizuri, halafu nyamaza tena!"

Kaka yangu alichuchumaa. "Kifungo," alisema, "hukuwa mzito." Akaenda kwenye banda, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaweka kidole juu ya bawaba ya kijani. Alieleza yote, neno kwa neno, na kuku wakatoka nje mmoja mmoja kana kwamba nao wameitwa kusikiliza.

Baba aliliegemeza shoka ukutani. Kisha alinigeukia mimi kwanza.

"Nilikuita fundi mbovu kabla sijauliza vya kutosha. Nisamehe, mwanangu."

Halafu akamgeukia kaka yangu. "Kupoteza bawaba ni jambo dogo. Ungeniambia, ningegomba, yangeisha. Lakini ulichukua kitu kibovu ukakifunga kionekane kizima, na ulipoulizwa ukasema kwa ulimi wako kuwa ni kizima. Dada yako alimpakata mtoto wa watu juu ya neno lako. Mtu akikuuliza kama kitu ni salama, hakuombi umfurahishe. Anakupa maisha yake uyashike. Mwambie ukweli hata kama utachapwa."

Adhabu yangu ikawa yake. Wiki zile zote alimfulia Mama Kifungo, huku watoto wakipita uani na kumwita Injinia wa Sabuni. Mimi sikumcheka, na sikumwonea huruma pia. Hasira yangu ilichukua siku nyingi kupoa, na Mama hakunilazimisha niharakishe.

Gari halikukatwa tena, na bawaba ilirudi kwenye breki. Plasta ilipotolewa, Kifungo alikuja kudai zamu yake. Tulipofika juu ya mteremko sikuuliza kitu. Kaka yangu alilala kifudifudi kwenye changarawe na shati lake la shule, akaingiza kichwa chini ya gari, akaitikisa breki mara kadhaa huku wenzake wote wakimtazama. Alifanya hivyo kila safari tangu siku ile. Na mwaka huu, tulipomzika, hivyo ndivyo nilivyomwona tena akilini: kifua chini, vumbi nyuseni, anainua kichwa kunitazama machoni.

"Nimeiona mwenyewe," alisema siku ile mteremkoni. "Nzima."

Ndipo nilipopanda.