Ukuta wa Bahari si wa Mtu Mmoja

Audrey Pell alikuwa akimkamua ng'ombe wake wakati mtumishi wa Tume ya Kuta na Mifereji alipofika. Alisoma amri mlangoni, akaenda zake.

Ukuta wa udongo uliozuia bahari kwenye pwani hiyo ya Uingereza ulikuwa umebomoka kwa urefu wa hatua mia mbili. Shamba la Lambert Pell, mume wa Audrey, lilipakana nao. Basi, amri ilisema, Lambert aijenge sehemu yote iliyobomoka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Asipoijenga, ng'ombe wake atachukuliwa.

Ng'ombe alikuwa huyo mmoja tu. Watoto watatu waliishi kwa maziwa yake.

Lambert aliisikia amri hiyo. Alichukua koleo. Jirani yao, Ursula Wray, mjane wa karani wa mahakama, alimkuta njiani.

"Weka koleo chini, Lambert."

"Nipokonywe ng'ombe? Mwenye nguvu mpishe, mama."

"Ukiujenga peke yako mwaka huu, na mwakani tena, watasema ndiyo desturi. Wajukuu zako watarithi tope hilo."

Audrey aliwafuata, mikono ikinuka maziwa. "Lakini hati ya Mfalme James inasema Tume iamue kwa hiari yake. Tumesomewa."

"Ni kweli inasema. Ila hiari si kuamka asubuhi na kuamua upendavyo. Marehemu mume wangu aliandika maneno ya majaji kwa mkono wake. Mwenye hiari lazima apime kwa akili, afuate sheria, asimpendelee mtu. Sasa niambie, bahari ikipita hapo, nani atalowa?"

Audrey alifikiri. "Mashamba yote kumi na moja. Mpaka kwa Bwana Malby."

"Basi wote wajenge, kila mtu kwa kadiri ya ardhi yake inayookolewa. Nendeni kwenye kikao mkaseme hivyo, bila matusi. Tume ikikataa, mahakama kuu ya mfalme inaweza kuitengua amri yake."

Lambert alicheka kwa uchungu. "Malby hula meza moja na hao wa Tume."

"Ndiyo maana sheria ipo," alisema Ursula. "Kwa mtu asiyekula nao."

Kikao kilifanyika katika nyumba ya wageni. Godfrey Malby, mwenye shamba kubwa kuliko yote, aliketi karibu na moto.

"Ukuta uko mlangoni kwa Pell," alisema. "Mimi niko maili mbili. Unanihusu nini?"

"Na sisi tuna hiari," alisema mwenyekiti.

Lambert alisimama. Maneno yote aliyofundishwa na Ursula aliyasahau. Alibaki akipindapinda kofia yake, na Audrey akamwonea huruma. Kisha akasimama yeye.

"Waheshimiwa, yale mafuriko ya mwisho, kondoo wa Bwana Malby walizama wangapi?"

Mwenyekiti alimtazama Malby.

"Themanini," alisema Malby, kwa shida.

"Basi maji yanaijua njia ya maili mbili," alisema Audrey. "Hiari yenu hatuikatai. Tunaomba iwapime wote kwa kamba moja."

Watu walicheka. Karani wa Tume hakucheka. Alimnong'oneza mwenyekiti kwa muda mrefu kuhusu mahakama kuu, naye mwenyekiti akaiomba ile amri, akaifuta kwa kalamu.

Wiki iliyofuata watu kumi na wawili walioapishwa walipita na kamba, wakapima kila shamba. Lambert alipata hatua kumi na mbili za kujenga. Malby alipata sabini. Kidole kimoja hakivunji chawa: ukuta ulikamilika siku kumi kabla ya sikukuu, na ng'ombe akabaki zizini.

Mwezi wa kumi bahari ilipanda. Maji yaligonga ukuta tangu asubuhi. Lambert alipokwenda kukagua kipande chake, alimkuta Bwana Malby kwenye kipande chake mwenyewe, amelowa mpaka kiunoni, akihangaika na ufa.

"Pell," alisema Malby, "hebu nionyeshe unavyoyapanga haya mabonge ya udongo yenye nyasi."

Lambert alishuka, akamwonyesha.