Dole la Marehemu Anab

Saa saba mchana, jua likiwa limewafukuza hata mbuzi barabarani, ufagio ulisikika kwenye veranda ya kituo kimoja cha afya njia ya kwenda Eldas. Shwaa, shwaa. Hared, karani anayeshika pesa za serikali za kuendeshea kituo, alichungulia. Hakukuwa na mtu. Lakini sakafu ilikuwa imefagiwa hadi mlangoni pake, na hewa ilinuka uvumba.

"Walalo, dada Naimo," alimwuliza muuguzi, "umeleta mfagiaji?"

"Kwa pesa gani? Tangu Anab afariki nafagia mwenyewe."

Kamati ya kituo ilikuwa imeamuru kila anayelipwa aweke dole gumba mbele ya jina lake, asije mtu akamsainia mwenzake. Anab alikuwa kaburini mwezi wa tatu sasa, na jina lake bado lilikuwa kwenye karatasi ya malipo. Kila mwisho wa mwezi Hared, mtu mzima na ndevu zake, alichovya dole lake kwenye wino, akaligandamiza mbele ya jina la marehemu, akatia elfu sita mfukoni. Haya hana!

Kesho yake ufagio ukaingia ofisini, hauonekani, unasikika tu, ukapita chini ya meza, ukamgusa viatu, ukapanda magotini taratibu, na ule uvumba ukamjaa kooni hata akashindwa kutamka bismillahi. Alikimbia bila makubadhi mpaka kwa Sheikh Abdiwali.

"Maiti harudi," sheikh alinong'ona. "Huyo ni jini. Ameona jina halina mtu na linalipwa, akalivaa. Nenda mbele ya kamati, kiri, ulifute, urudishe pesa. Ndipo nitasoma."

"Nitafukuzwa kazi, maalim!"

"Basi kaa naye."

Siku mbili baadaye Hared alirudi akaapa, walaahi, amekiri. Uongo mtupu. Sheikh akamsomea, ofisi ikatulia, na Hared akajiona mjanja.

Mwisho wa mwezi akachovya dole, akaligandamiza kwenye jina la Anab. Karatasi ikabaki nyeupe. Akajaribu kwenye jina lake. Nyeupe. Akalitazama dole: laini, halina hata mstari mmoja. Alipoinua macho, kwenye kiti chake aliketi mwanamke aliyejifunika uso, na ufagio ulikuwa mikononi mwa Hared, na mikono ilikuwa ikifagia, shwaa, shwaa, naye hawezi kuizuia.

"Naimo!" alipiga ukelele. "Naimo, nitoe!"

Mlango ukafunguliwa. Naimo alitazama ofisi tupu, akasikia ufagio, akanusa uvumba.

"Abowe, kaka Hared?" aliita kwa sauti ndogo. Hared alikuwa amesimama mbele yake, karibu kugusana, analia. Naimo akafunga mlango, hatua zake zikaenda mbio.

Mwanamke akachovya dole kwenye wino. Akaligandamiza, polepole, mbele ya jina la Hared.